Alama ya ramani ikimpoteza mkulima: soma dalili kabla ya kutoa dawa

Leo naweka jembe pembeni kidogo. Maswali mengi niliyopata siku za karibuni hayahusu mahindi wala kuku. Yanatoka kwa makatibu wa vikundi, viongozi wa AMCOS na maafisa wenzangu ambao siku hizi wana tovuti zenye kalenda ya matukio: siku ya chanjo, shamba darasa, usajili wa mbolea ya ruzuku, siku ya mkulima. Tarehe inaonekana vizuri, saa ipo, ila ramani inapeleka watu kusikojulikana.

Usilichukulie jambo hili kama la vijana wa kompyuta tu. Msimu uliopita kikundi kimoja cha wafugaji wa kuku, jina naliacha, kilitangaza chanjo ya kideri kupitia kalenda yake. Asubuhi ile nikapigiwa simu na mama mmoja.

"Bwana shamba, mwanangu, nimefika kwenye alama. Mbona naona miembe na mbuzi tu?"

"Shikamoo mama. Uko kijiji gani hapo?"

"Marahaba. Si hapa ramani iliposema! Nimemlipa bodaboda, kuku wangu kumi na wanne wako kwenye tenga."

Alama ilikuwa imewekwa katikati ya kata. Chanjo ilikuwa inatolewa kwenye ghala la kijiji, kilomita tisa mbele. Hela ya bodaboda ilikuwa imeisha, na alipopata usafiri mwingine mchanjaji alikuwa ameshafunga kibaridi na kuondoka. Chanjo ikishachanganywa haikai juani kumsubiri mtu. Wiki tatu baadaye kideri kikapita kitongojini kwake. Walibaki kuku wawili.

Sasa tuje kwenye kazi. Mkulima mzoefu haanzi kumwaga mbolea kabla hajaangalia jani. Jani la chini la mhindi likianza kuwa njano kutoka ncha na kufuata uti wa katikati, anafikiria naitrojeni. Miche michanga ikigeuka zambarau, anafikiria fosforasi. Ramani nayo ni hivyo hivyo. Mahali alama ilipoangukia panakuambia ugonjwa ni upi. Wengi wanakimbilia kufuta programu ya kalenda na kuweka nyingine, na tatizo linabaki pale pale, kwa sababu lilikuwa kwenye namba walizoziingiza.

Kwanza, zijue namba zako

Kila sehemu duniani ina namba mbili, latitudo na longitudo. Wapima wetu wanaziita kodineti. Latitudo inasema uko umbali gani kaskazini au kusini mwa ikweta. Longitudo inasema uko umbali gani mashariki au magharibi mwa mstari unaopita Greenwich, Uingereza. Kusini mwa ikweta latitudo inakuwa na alama ya kutoa.

Tanzania nzima iko kusini. Kwa hiyo latitudo yetu ni kati ya takribani -1 na -12, na longitudo ni kati ya takribani 29 na 41. Ikariri hivi: namba ndogo ina kutoa, namba kubwa haina, na ndogo inatangulia. Morogoro mjini, kwa mfano, ni karibu -6.82, 37.66. Namba yoyote inayotoka nje ya mipaka hiyo, usiihifadhi kabla hujaikagua.

Ndugu zetu wa Kenya wawe makini zaidi, kwa sababu ikweta inapita katikati ya nchi yao. Kisumu ni karibu -0.09 na Eldoret ni karibu 0.51, yaani moja ina kutoa na nyingine haina.

Dalili ya 1: alama iko nchi nyingine

Chukua namba za Morogoro. Ukisahau ile alama ya kutoa, unapata 6.82, 37.66. Hapo ni kusini mwa Ethiopia, karibu na mji wa Sodo, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwetu. Dawa ni kurudisha alama ya kutoa. Hitilafu hii hutokea sana namba zinapopitishwa kwenye jedwali la kompyuta au zinaponakiliwa kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa herufi S badala ya alama ya kutoa.

Ukigeuza mpangilio, ukaanza na longitudo, unapata 37.66, -6.82. Hapo umefika Hispania, mkoa wa Huelva. Alama ikitua Hispania, usihangaike na kitu kingine: namba zimebadilishana nafasi. Chanzo chake mara nyingi ni faili. Google Maps inaanza na latitudo, lakini faili za aina ya GeoJSON zinaanza na longitudo. Ukinakili kutoka huku kwenda kule bila kuangalia, tukio linahamia Ulaya.

Kwa walio karibu na ikweta dalili hii inajificha. Kisumu ikipoteza alama ya kutoa, inasogea kilomita 20 tu hivi, upande wa Vihiga. Ukiitazama ramani haraka unaona ni sawa, kumbe mkulima amepotea.

Dalili ya 2: alama iko baharini

Hapa kuna magonjwa mawili, na kila moja lina bahari yake.

Alama ikiwa Bahari ya Atlantiki, kwenye Ghuba ya Guinea, maana yake namba zako ni 0 na 0. Pale ndipo ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich. Watu wa ramani wamepatania jina, wanapaita Null Island, ingawa hakuna kisiwa. Kilichotokea ni kwamba nafasi ya kodineti iliachwa wazi, au programu ilitafuta anwani ikaikosa, ikajaza sifuri. Rudi kwenye ukumbi au eneo ulilosajili, ujaze namba kwa mkono.

Alama ikiwa Bahari ya Hindi, kusini mwa Sri Lanka, angalia mkato. Mtu ameandika -6,82 badala ya -6.82. Baadhi ya programu zikiona mkato zinadhani namba ya kwanza imeishia hapo, zinasoma -6 kama latitudo na 82 kama longitudo. Kwenye mfumo wa Kifaransa mkato ndio unaotenganisha desimali, kwa hiyo wenzetu wa Kongo na Burundi, kama kompyuta yako imepangwa kwa Kifaransa, angalia hapo kabla ya yote. Tumia nukta.

Dalili ya 3: wilaya ni sahihi, kijiji siyo

Huu ndio ugonjwa uliomkuta yule mama, na ndio mbaya kuliko yote kwa sababu unafanana na uzima. Alama ya Hispania kila mtu ataishangaa. Alama iliyo kata ya jirani hakuna atakayeishtukia mpaka siku yenyewe.

Unapoandika "Ghala la kijiji, Mbuyuni", programu inatuma maneno hayo kwenye huduma ya kutafuta anwani, nayo inarudisha namba. Huduma hiyo haijawahi kufika Mbuyuni. Inalinganisha maneno na orodha yake. Isipopata ghala inarudi kwenye kijiji, isipopata kijiji inarudi kwenye kata, ikishindwa kabisa inaweka alama katikati ya wilaya au mkoa. Na kalenda nyingi hazikuonyi kwamba jibu lilikuwa la kubahatisha.

Halafu kuna majina yetu. Majengo iko Moshi, iko Dodoma, iko Mombasa, iko Nairobi. Mbuyuni, Kibaoni, Mlimani na Mtakuja nazo usiseme. Tunaita sehemu kwa mti au kwa kibao kilichokuwepo, na miti haikosekani popote.

Hatua za kufanya:

- Andika jina lote: kijiji, kata, wilaya, mkoa, nchi. "Majengo" peke yake haitoshi.
- Kama programu yako ina sehemu ya kuchagua nchi, ichague, ili utafutaji usitoke nje.
- Ukiona alama imekaa katikati kabisa ya wilaya, penye pori au mto, jua huduma imebahatisha.
- Kwa kijiji chochote kisicho na anwani za mitaa, acha kutegemea jina. Jaza kodineti mwenyewe.

Kuna dawa ya muda mrefu pia. Kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanza 2004, mtu yeyote anaweza kujiandikisha na kuongeza kijiji chake, shule, zahanati au ghala. Vijana wa Dar es Salaam waliifanya kazi hiyo kupitia Ramani Huria ili kujua maeneo yenye mafuriko. Kijana mmoja mwenye simu janja anaweza kuweka kijiji kizima kwa siku chache.

Dalili ya 4: alama imesogea kidogo

Alama iko jirani, ila si penyewe. Pima imesogea kiasi gani, umbali utakuambia.

*Mita mia chache mpaka kilomita moja.* Hesabu tarakimu baada ya nukta. Nyuzi moja ya latitudo ni takribani kilomita 111. Ukiweka tarakimu 2 baada ya nukta, kila hatua ni zaidi ya kilomita 1. Tarakimu 3 ni kama mita 110, tarakimu 4 ni kama mita 11, na tarakimu 5 ni kama mita 1. Kwa kituo cha chanjo au ghala, weka 5. Zile namba 2 nilizotumia kwa Morogoro juu zinafaa kueleza mji, hazifai kumwelekeza mtu mlangoni.

*Kilomita kadhaa mpaka makumi.* Angalia kama namba zilikuwa za nyuzi, dakika na sekunde. Nyuzi 6, dakika 49, sekunde 12 siyo 6.4912. Gawa dakika kwa 60, sekunde kwa 3,600, jumlisha, unapata 6.82. Anayeandika 6.4912 anamkosesha mkulima njia kwa kilomita 36 hivi.

*Kama mita 300.* Hapa ulizia namba zilitoka wapi. Ramani nyingi za zamani za upimaji Tanzania zimejengwa kwenye mfumo uitwao Arc 1960, wakati simu na ramani za intaneti zinatumia WGS 84. Namba zikibadilishwa bila kuzingatia tofauti hiyo, alama inahama takribani mita 300. Mjini ni mitaa kadhaa. Kijijini yaweza kuwa ng'ambo ya korongo.

Na kama kwenye hati ya shamba umekuta namba kubwa zenye tarakimu 6 na 7, hizo ni mita za mfumo wa UTM. Usizibandike kwenye kalenda hivyo hivyo, lazima zibadilishwe kwanza. Taja kanda sahihi: Dodoma mjini iko kanda ya 36 kusini, Morogoro iko ya 37 kusini. Mkikwama, mwoneni mpima wa halmashauri, hiyo kwake ni kazi ya dakika chache.

Dalili ya 5: umerekebisha, alama haihami

Kalenda nyingi hutenganisha tukio na eneo. Eneo linasajiliwa mara moja, kisha linatumika kwenye matukio mengi. Ukibadilisha maneno ya anwani, kodineti za zamani zinaweza kubaki zimehifadhiwa. Zifute, weka mpya, hifadhi tena.

Angalia pia kama eneo limesajiliwa mara mbili: "Ghala la Kijiji" na "ghala la kijiji". Unarekebisha moja, tukio linatumia lingine. Chagua moja, hamishia matukio yote huko, lingine lifute.

Ukimaliza, safisha kumbukumbu ya muda ya tovuti, kisha fungua ukurasa kwa simu ya mtu mwingine. Simu yako inaweza kuwa bado inakuonyesha ya jana.

Dalili ya 6: ramani yenyewe haionekani

Ukiona kiboksi cha kijivu au ramani yenye giza na maandishi ya Kiingereza juu yake, na unatumia Google Maps, anza na ufunguo. Tangu katikati ya 2018 Google inataka kila tovuti iwe na ufunguo wa API na akaunti iliyounganishwa na malipo, hata kama matumizi yako ni madogo. Kagua mambo matatu: kadi ya malipo bado ni hai, huduma unayotumia imewashwa, na anwani ya tovuti imeruhusiwa. Ukiruhusu anwani yenye www tu, watakaoingia bila www hawataona ramani.

Kuna mtego mwingine hapa. Kuonyesha ramani na kutafuta anwani ni huduma mbili tofauti. Ufunguo uliofungwa kwa anwani ya tovuti unafaa kuonyesha ramani, lakini hauwezi kutafuta anwani kupitia seva. Ndiyo maana unaweza kuona ramani nzuri kabisa, ila matukio mapya hayapati alama.

Wasiotaka mambo ya kadi wanaweza kutumia OpenStreetMap. Ila nayo ina adabu zake: lazima uonyeshe chanzo cha ramani, na huduma yake ya bure ya kutafuta anwani, Nominatim, hairuhusu zaidi ya ombi moja kwa sekunde. Ukipandisha matukio mia mbili kwa mkupuo, utafungiwa.

Na kama ramani imejitokeza kipande kwenye kona huku pengine pote ni kijivu, mara nyingi iliwekwa kwenye sehemu inayofunguka mpaka ubonyeze. Ramani ilipima nafasi yake wakati imefichwa. Mwambie fundi wako airudishie vipimo sehemu hiyo inapofunguliwa, au aihamishie mahali panapoonekana muda wote.

Dalili ya 7: "Matukio karibu nami" yanamwonyesha Dar es Salaam

Mkulima yuko Kilosa, anabonyeza kitufe, anaonyeshwa matukio ya Dar. Mara nyingi tovuti haikupata eneo la simu, ikakisia kwa kutumia anwani ya intaneti, ambayo inaonyesha mahali mtandao wa simu unapotokea na siyo mtu alipo. Kagua mambo haya:

- Anwani ya tovuti ianze na https. Kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa eneo kwa tovuti zisizo salama tangu Aprili 2016, na vingine vinafanya hivyo hivyo.
- Mkulima aliulizwa ruhusa akabonyeza hapana. Andika kwa Kiswahili juu ya kitufe kwa nini unaomba eneo lake, watu watakubali.
- Umbali uwekwe kwa kilomita. Programu nyingi zinakuja na maili.
- Tukio lisilo na kodineti halitaonekana kwenye utafutaji huu, hata kama lipo nyumba ya pili.

Kumbuka pia kwamba umbali huo ni wa mstari wa ndege. Mgeta na Matombo ziko pande mbili za milima ya Uluguru. Kwenye ramani zinaonekana jirani, lakini kwa gari unazungukia Morogoro mjini. Na masika yakianza, ramani haijui kwamba daraja limejaa maji.

Dawa ya kudumu ni miguu

Baada ya kuona magonjwa haya yote, mimi nimebaki na utaratibu mmoja. Eneo halitangazwi kabla mtu hajasimama pale pale. Mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji au kijana wa kikundi, yeyote, mradi afike.

1. Simama nje, mbele ya mlango watakaoingilia watu. Chini ya bati au mti mnene simu hukosea zaidi. Penye uwazi simu nzuri hufika mita 5 hivi.
2. Huhitaji bando kupata GPS, maana namba zinatoka kwenye setilaiti. Bila intaneti itachukua muda zaidi, kwa hiyo subiri kidogo mpaka namba zitulie.
3. Fungua ramani, gandamiza kidole pale ulipo mpaka alama itokee. Nakili namba zote mbili, usizikate.
4. Zitume kwa ujumbe wa maandishi, usizisome kwa simu. "Nukta" na "kutoa" hupotea njiani.
5. Zijaze kwenye kalenda, kisha mwombe mtu asiyekijua kijiji afungue ramani na akueleze alama iko karibu na nini. Akitaja shule na wewe unaijua shule hiyo, sawa. Akitaja mto, anza upya.
6. Chini ya ramani andika maelekezo kama unavyomwelekeza mgeni: shuka stendi, fuata barabara ya vumbi, ukivuka daraja ghala ni la kushoto lenye bati jekundu. Weka na namba ya simu ya mwenyeji, kwa ridhaa yake.

Hiyo ya sita wataalamu wa tovuti huiona ya kizamani. Lakini wengi wa wakulima wetu bado wana kitochi. Tangazo linasomwa na mjukuu, linapita mdomo kwa mdomo, na alama ya ramani haisimuliwi. Bati jekundu linasimuliwa.

Kabla msimu wa chanjo haujaanza, fungua kalenda ya kikundi chako leo jioni. Pitia maeneo yote yaliyosajiliwa, moja moja. Yenye namba nje ya mipaka niliyotaja, rekebisha. Yenye alama katikati ya kata, mtume kijana akasimame pale. Ni kazi ya wiki moja kwa kata nzima, na ukiifanya vizuri hutairudia mwakani.

Tukutane shambani.